Wakuu, chuo chetu cha uuguzi kimeyumba sana mwaka huu. Nawaambiaje wenzangu niliosoma nao wakashika mfukoni, na watu wameshachoka michango?

Nesi_wa_Zamu

Habarini za jioni wakuu, naombeni tushauriane kwa upole maana hili jambo liko moyoni kabisa.

Mimi ni nesi, nimemaliza 2009 kwenye chuo kidogo cha kanisa huku Kanda ya Ziwa, jina naliweka pembeni. Darasa letu tulikuwa 42. Nilitoka nyumbani sijawahi hata kushika kipimajoto, miaka mitatu baadae nikawa nazalisha mwenyewe saa nane usiku kwenye zahanati isiyo na umeme, bibi wa mgonjwa ananishikia tochi, na mkono hautetemeki, kwa sababu kulikuwa na sista pale chuoni alitusimamia kwenye leba mpaka woga ukaisha. Kila mshahara ninaokula mpaka leo umeanzia pale.

Sasa mwaka huu 2025 chuo kimepigwa. Kulikuwa na mradi unawalipia ada watoto wasiojiweza, hela ilikuwa inatoka Marekani, Januari misaada ikasitishwa na mradi ukafa hapohapo katikati ya mwaka wa masomo. Watoto wako darasani, wa kuwalipia hayupo, na chuo kilikuwa kinaitegemea hiyohiyo ada kulipa walimu. Mwezi wa pili nilienda kufuata transkripti nikapita chumba cha mazoezi. Ule mdoli tuliojifunzia sisi 2007 bado upo. Mkono wa kushoto pale pa kuchoma sindano umefungwa plasta juu ya plasta mpaka umekuwa mnene kuliko wa kulia. Nje simtanki limepasuka, wanafunzi wanaamka saa kumi kasoro kwenda kuchota maji kwenye bomba la hospitali ndo waoge waingie zamu. Nilirudi kwenye gari nikakaa kama dakika kumi sijawasha.

Nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp ujumbe mrefu kwamba jamani chuo chetu kina hali mbaya, tujitoe kila mtu alichonacho. Wiki mbili zimepita, waliotuma ni watatu, jumla 70,000. Wengine wameweka vile vimikono vya kuomba afu kimya. Na sio kwamba watu hawana upendo, grupu hilohilo mwezi wa kwanza tulimchangia mwenzetu sendofu milioni moja na laki nane ndani ya siku kumi.

Nakosea wapi? Waliowahi kufanya hili likafanikiwa naombeni mnielekeze, hata kama ni shule ya msingi au sekondari, njia si ndo hizohizo.

---

Mzee_wa_Wodi_Namba_3

Mwanangu pole, na hongera kwa kukumbuka ulikotoka. Mimi nimestaafu uuguzi miaka michache iliyopita, na darasa letu la mwaka 1988 tumewahi kulifanya hili mara mbili. Ya kwanza tulishindwa vibaya, ya pili ikatoka.

Ya kwanza tulifanya kama wewe. Tuliandika tuchangie chuo. Sasa mtu akisoma tuchangie chuo anaona shimo, hajui linataka kiasi gani, hajui elfu kumi yake itaonekana wapi, basi anasubiri wenye nazo watangulie. Ile sendofu uliyoitaja ilikuwa na tarehe, ilikuwa na bajeti, ilikuwa na kamati na kulikuwa na mtu anapiga simu kila jioni kuuliza umefikia wapi. Chuo umekipa nini kati ya hivyo?

Ya pili tulikwenda watu wawili mpaka kwa mkuu wa chuo, tukamwambia mama, tupe orodha ya vitu, usitupe orodha ya shida. Akatuandikia vitu tisa kwa mkono. Tukachagua kimoja tu, magodoro ya bweni la wasichana, 24. Tukachukua profoma dukani, ile karatasi ya bei kabla hujanunua, tukaipiga picha, na kila mtu akapigiwa simu. SIMU mwanangu, siyo meseji. Nasema hivi: shikamoo au habari za siku nyingi, mama hajambo, watoto wanasoma wapi, unamkumbuka sista fulani alivyokuwa anakagua kucha? Mnacheka kidogo. Halafu namwambia godoro moja ni bei hii, mwenzetu fulani kachukua moja, wewe na fulani mnaweza kugawana moja? Hakuna aliyeshindwa nusu godoro. Wengine walichukua mawili.

Kingine, watu wa darasa lako usiwapigie wote wewe mwenyewe. Kila darasa lina yule mtu anayependwa, siyo lazima awe na cheo, mara nyingi ni yule aliyekuwa anawapikia wenzake uji wakiumwa. Mtafute huyo awe wa kwanza kutoa, na akubali jina lake litajwe.

Halafu Mei 12 ni Siku ya Wauguzi Duniani, ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Nesi yeyote siku hiyo moyo wake uko laini, anavaa sare, anapiga picha, anakumbuka alivyoshika mshumaa akala kiapo. Wewe uko mwezi wa tatu, una wiki nane. Itumie hiyo tarehe.

---

Cheti_Changu

Naomba niseme upande mwingine na sisemi kwa ubaya dada. Mimi nilisoma chuo kingine, sikitaji. Nilimaliza nikiwa nadaiwa laki tatu, baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho, nikaenda ofisini kuwaeleza nikapewa jibu moja tu, lipa uchukue cheti. Nilikaa miezi kumi na minne bila cheti, bila cheti huwezi kusajiliwa baraza la wauguzi, bila kusajiliwa hakuna anayekuajiri, na bila kazi hiyo laki tatu unaitoa wapi. Nilikuwa nauza vocha stendi na nilikuwa nimefaulu vizuri kuliko nusu ya darasa. Siku niliyomaliza kulipa, mhasibu alinipa bahasha bila hata kuniangalia usoni.

Mwaka jana wakanipigia simu, ndugu mhitimu tuna uzinduzi wa umoja wa wahitimu karibu sana. Nilikata. Sijisikii vibaya kwa hilo.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba kwenye wale 42 kuna watu wana kidonda kama changu na wewe hukijui kwa sababu wewe ulipendwa pale. Ukiwaita wabahili utawapoteza moja kwa moja.

---

Nesi_wa_Zamu

@Cheti_Changu kaka nimesoma mara mbili. Pole sana, na pole ya baba. Sikuwahi kuliangalia hivyo, na nimemkumbuka dada mmoja wa darasa letu ambaye kila tukitaja chuo anatoka kwenye maongezi, leo ndo nimewaza kwamba huenda kuna kitu. Sitamlazimisha mtu.

@Mzee shikamoo. Nusu godoro nimeielewa kabisa.

---

Kijana_wa_Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Nitachangia kidogo tu kwa sababu hii maneno ya kusaidia chuo sisi tumekulia ndani yake. Miaka ya sabini vyuo kadhaa vya ufundi huku vilianzishwa kwa harambee, watu wa kawaida wakatoa. Hapa kwetu Nyeri kulikuwa na Kimathi Institute of Technology, ilianza 1972, na wakulima wa kahawa walichangia kupitia kahawa yao. Leo ni chuo kikuu kamili, Dedan Kimathi, tangu 2012. Mkulima mwenyewe labda hakuingia darasa hata siku moja lakini alijua hiyo jengo iko na kahawa yake ndani.

Ninachosema, yule mkulima hakutoa pesa mingi mara moja, alikatwa kidogo kidogo kila msimu. Sasa nyinyi mko 42, tuseme 40. Kila mtu atoe 5,000 ya Tanzania kwa mwezi, hiyo ni 200,000, kwa mwaka 2,400,000. Elfu tano hata haimuumizi mtu, lakini ukimwambia atoe 60,000 leo atakwambia ako na karo ya watoto, na ni ukweli ako nayo.

Na msiite watu kwa hoteli kwa sababu ya fundraising. Nimeona alumni wakikula pesa ya chakula na tenti kuliko ile waliyopeleka shuleni.

---

Mhasibu_Mstaafu_Ilala

Hapo kwa mkulima wa kahawa pazuri, ila mimi naomba niongelee hela inapita wapi maana ndipo umoja wa wahitimu mwingi unapofia. Watu wakishaibiwa au wakishahisi tu wameibiwa mara moja, hiyo grupu imekufa, hata ukibadilisha jina.

Usipokee mchango kwenye namba yako binafsi. Najua wewe ni mwaminifu, lakini siku ukiumwa wiki moja bila kujibu meseji watu wataanza kunong'ona. Kama ni kikundi kidogo kama chenu anzeni na M-Koba, ile huduma ya Vodacom ya vikundi kuweka hela kwenye simu, au akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, mmoja awe mtu anayeogopwa kidogo na wenzake kwenye hela. M-Koba uzuri wake kila mwanachama anaona nani kaweka, na hela haitoki mpaka wengine waidhinishe.

Chuo kikiwa cha serikali hela inaingia kwa kontrol namba, mwambie mhasibu wa chuo akutengenezee ya mchango, ukishalipa risiti inatoka na hakuna maswali. Chuo chako ni cha kanisa kwa hiyo ni akaunti ya chuo, siyo ya mkuu wa chuo, siyo ya padri, siyo ya sista hata awe mtakatifu kiasi gani. Ada ya mwanafunzi ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwenye maelezo muweke jina lake na namba yake ya usajili. Vitu, mlipeni muuza duka mwenyewe na mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ile risiti ipigeni picha ikae kwenye grupu SIKU HIYOHIYO. Nawaambia mimi niliyekaa na vitabu vya hesabu miaka thelathini, risiti moja iliyowekwa kwa wakati inaleta mchango mwingine bila kuomba.

Mkikua mkawa umoja wa wahitimu wa miaka yote, kajisajilini kwa Msajili wa Vyama, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, muwe na katiba yenu. Na kama kuna kampuni au mtu mwenye hela kubwa anataka kusaidia miundombinu ya elimu, Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, ipo tangu 2001 na inasimamia Mfuko wa Elimu, mkuu wa chuo anaweza kwenda kuuliza wanapokeaje maombi. Ila hayo ni ya baadae. Kwa sasa we nunua simtanki.

---

Binti_Mwaka_wa_Pili

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa pili, siyo chuo cha mleta mada ila cha kwetu kimekumbwa na jambo lilelile, tulikuwa 19 tunalipiwa. Nimeona nisome kimya nikashindwa.

Watu huwa wanafikiri mwanafunzi akikosa ada anarudishwa nyumbani siku moja, hapana, haiendi hivyo. Inaanza unaacha kula mchana. Afu unaanza kukwepa kupita mbele ya ofisi ya mhasibu, unazunguka nyuma ya jiko. Afu wiki ya mitihani inabandikwa karatasi ya majina ya wanaoruhusiwa kufanya, watu wote wamejazana pale ubaoni, na wewe unasubiri wapungue ndo usogee. Mikopo ya diploma ya serikali ilianza 2023/24 lakini siyo kila mtu anapata, mimi niliomba sikupata.

Mimi ninachodaiwa ni 350,000. Sisemi ili nitumiwe hela humu, nasema ili mjue kwamba kiasi kinachomtoa mtu kwenye uuguzi ni kidogo hivyo.

Na kingine naomba mje. Jana alikuja dada mmoja mhitimu wa zamani anafanya kazi ICU kwa wagonjwa mahututi, hakuleta hela, alikaa na sisi masaa mawili akatufundisha kusoma monita na akatueleza mshahara wake wa kwanza alinunua nini. Alipoondoka darasa lote tuliona kumbe tunaelekea mahali.

---

Nesi_Leicester

Binti usikate tamaa kabisa, umeandika vizuri mdogo wangu.

Mleta mada, sisi tulio nje tumesahaulika kwenye magrupu mengi kwa sababu saa mnazoongea sisi tuko zamu, tukiamka kuna meseji 200. Mtu akinitumia mimi peke yangu voisi ya dakika moja akaniambia chuo kinahitaji kitu hiki na bei ni hii, natuma siku hiyohiyo kwenye simu ya mhasibu wa kikundi. Kutuma siku hizi siyo kazi. Kazi ni kujua.

---

Mwana_Makerere

Nikumbushe tu kwamba hata vyuo vikubwa vinapatwa. Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua usiku, lile jeupe la mnara, jengo la mwaka 1941, chuo walichopita Mwalimu Nyerere, Mkapa na Kibaki. Asubuhi ile nilikuwa Dar, simu yangu ilijaa picha za paa linalofuka moshi, watu tuliokuwa hatujaongea miaka kumi tukawa tunapigiana simu tunalia. Serikali ya Uganda ndiyo iliyolijenga upya na likafunguliwa tena 2024, lakini ile asubuhi niligundua kwamba mapenzi ya chuo kwa wahitimu hayajafa, yamelala, yanahitaji kuona kitu kwa macho.

Kwa hiyo dada, ule ujumbe mrefu ufute. Weka picha ya mkono wa mdoli wenye plasta. Basi. Usiandike chini yake zaidi ya mistari miwili.

---

Nesi_wa_Zamu

MREJESHO

Wakuu nimerudi, leo ni tarehe 28 Mei, samahani kwa ukimya, zamu zimenibana na nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilifanya mlivyosema. Kwanza nilienda kwa mkuu wa chuo, akafurahi mpaka akaniitia mhasibu, wakanipa orodha. Nikachagua simtanki la lita 5,000 liwe la kwanza. Picha ya mdoli niliiweka kwenye grupu Jumapili saa mbili usiku na mistari miwili. Ndani ya nusu saa watu 11 wakaandika, mmoja akasema huu si ndo ule mkono niliouchoma mpaka sindano ikapinda, mwingine akaanza kuulizia sista kama yupo hai. Yupo, ana miaka 81, yuko kwenye nyumba ya masista, na alipoambiwa tunachofanya aliniomba nimsomee majina ya darasa letu moja moja. Alikumbuka mengi kuliko mimi.

Baada ya hapo nikaanza simu. Katika 42 wanne wametangulia mbele za haki, Mungu awarehemu, wengine wawili namba hazipatikani. Nilimpa simu 15 rafiki yangu tuliyekaa nae kitanda cha juu na chini, yule ndo kila mtu anampenda, mzee ulisema kweli kabisa. Mpaka Mei 12 walikuwa wametoa watu 26, jumla 1,465,000. Simtanki na usafiri 980,000, risiti iliingia kwenye grupu kabla gari haijafika chuoni. Iliyobaki 485,000 imemmalizia ada mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliyebakiza fildi ya mwisho, imelipwa kwenye akaunti ya chuo kama Mhasibu_Mstaafu alivyoelekeza humu, jina lake hatujalitangaza, tumekubaliana hivyo.

Watano walinikatalia. Mmoja ni yule dada niliyemtaja. Nilimpigia, nikamuuliza tu kama kuna kitu kilitokea, akaongea saa nzima. Sikumuomba hela. Ila nimeenda kwa mkuu wa chuo nikamwambia mama, kabla hatujawaita wahitimu wote mwakani naomba tuangalie vyeti vilivyozuiwa vipo vingapi kwenye kabati na vya nani. Akanyamaza kidogo akasema sawa tuangalie. Vipo. Kuna cha mwaka 2011. @Cheti_Changu kaka hili ni lako, bila wewe nisingeuliza.

Tumeanza pia ile ya 5,000 kwa mwezi kwenye M-Koba, tuko 22 mpaka sasa.

Kilichobaki ni mdoli. Mdoli mzima bei yake kwa sasa hatuiwezi. Kuna anayejua kama ule mkono wa kujifunzia kuchoma sindano unauzwa peke yake bila mwili? Hapa Mwanza nimeulizia maduka mawili ya vifaa tiba wote wananiambia mpaka Dar. Aliye Kariakoo au Mnazi Mmoja akipita naomba aniulizie bei, hata picha tu.